Punje Alizoziona Samaru

Asubuhi ya kwanza ya Pitar, Budhiyarin alikandika kizingiti kwa samadi mbichi ya ng'ombe, akachora mraba wa unga wa mchele mbele ya mlango, akaweka hapo kopo la maji na kijiti cha mswaki, kisha akarudi jikoni kukaanga bara, yaani bajia za dengu nyeusi. Dodoki lilikuwa limeshaiva. Wali ulikuwa umefunikwa. Pitar ni majuma mawili ambayo wafu hurudi nyumbani kula, na mfu, kama mgeni yeyote aliyetoka mbali, hupenda kwanza kupiga mswaki na kunawa uso.

Mumewe hakuja. Mwaka uliotangulia pia hakuja. Bara zikapoa. Kunguru alishuka, akala mbili, akamtazama Budhiyarin kwa jicho moja kana kwamba yeye ndiye aliyemfukuza mgeni, akaenda zake.

"Wako kaja?" aliuliza Mangtin, jirani yake, akichungulia juu ya ukuta wa udongo.

"Wapi!"

"Hata wangu. Mama mkwe, shoga! Mtu aliyekuwa akisikia mfuniko wa sufuria kutoka ng'ambo ya bwawa. Leo aukose wali kwa hiari yake?"

"Labda wamenuna."

"Kijiji kizima kinune kwa pamoja? Lini watu wa Kurrubhatha waliwahi kukubaliana jambo?"

Sababu ilijulikana, ila hakuna aliyekuwa na hamu ya kuitaja. Mfu haoni njia. Huja kwa pua, akifuata harufu ya wali wa nyumba yake. Zamani kila nyumba ya Kurrubhatha ilikuwa na mpunga wake, uliorithiwa pamoja na ugomvi wa mipaka, na watu walitambulishana kwa mpunga kabla ya kufika kwenye jina la baba. Nyumba ya Budhiyarin ilikuwa ya Chiraipankhi, bawa la ndege, kwa sababu kila punje ilikuwa na vibawa viwili vya ganda ubavuni. Uliiva mapema, Pitar ikikaribia, na ukipikwa harufu yake ilifika hadi bwawani.

Kisha ukaja ukame mkubwa. Watu walikula akiba, wakala mbegu, na waliokula mbegu walilia huku wakitafuna. Mvua iliporudi, lori la serikali lilileta mpunga mpya, mfupi, wa kufika gotini, ambao watu waliuita bauna, yaani kibeti. Haki isemwe: bauna ulishibisha. Haukulazwa na upepo, ulipenda mbolea, na watoto waliozaliwa mwaka ule waliishi. Ila haukuwa na harufu hata ya kudanganyia. Wafu walifika njia panda ya bwawani, wakanusa kulia, wakanusa kushoto, wakakuta nyumba zote ni moja, na hiyo moja si yao.

"Lakini nimesikia waliko," alisema Mangtin. "Muuza bangili kaniambia sokoni. Wako kituoni. Wamejaa kwenye baraza la ghala la baridi kama watu wanaongoja treni."

Budhiyarin hakuuliza kituo kipi. Miaka kadhaa kabla ya ukame, vijana wawili wa kituo cha utafiti wa mpunga walipita Kurrubhatha kwa baiskeli, wakiomba masuke machache kila nyumba. Mumewe aliwachagulia yaliyo mazuri kuliko yote, akayafunga kwa uzi mwekundu, akawapa na chai. Vijana walishukuru sana. "Mkiuhitaji, tutawarudishia," walisema, wakaondoka na Kurrubhatha nzima ndani ya mifuko miwili ya kitambaa.

Kilichomkaa Budhiyarin kooni kilikuwa kingine. Mfu asiyekula cha nyumbani kwake Pitar tatu mfululizo husahau jina lake, na mfu asiye na jina hana nyumba tena. Hata ukimwandalia karamu hajui kuwa ni yake. Mumewe alikuwa amekosa moja, na hii ilikuwa ya pili. Budhiyarin alifunga wali kwenye majani, akaweka bara juu yake, akamwomba mfinyanzi nafasi kwenye mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa ukipeleka vyungu mjini.

Baraza la ghala la baridi lilikuwa refu, la saruji, na wafu walikuwa wameketi humo kwa mistari, nyuso zimeelekea upenyo wa chini ya mlango. Hawakuwa na vurugu. Walinusa, wakasogea kidogo kumpisha mwenzao, wakanusa tena. Karani wa ghala, mtu mnene aitwaye Dewangan, funguo kiunoni, alikuwa amechora mstari wa chokaa sakafuni ili mlango upate kufunguka bila kumgonga mtu magoti.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Mume wangu."

"Jina?"

Budhiyarin alivuta ushungi usoni. Kwetu mke halitamki jina la mumewe, awe hai au awe amekufa. Watu huamini kwamba kila akilitamka humpunguzia mume siku, na mume aliyekwisha kufa haijulikani humpunguzia nini, kwa hiyo wanawake hawajaribu.

"Baba Phirantin," alisema, kwa jina la binti yao.

"Mama, kina baba Phirantin hapa ni wengi kuliko mbu. Jina lake mwenyewe."

"Siku ile inayofuata Jumapili."

"Aa, Samaru! Si ungesema?" Dewangan aligeukia baraza. "Samaru! Samaru nani hapa?"

Wanaume kama saba waliinua mikono, maana kwetu anayezaliwa Jumatatu huitwa Samaru na hakuna anayejisumbua kutafuta zaidi. Budhiyarin mwenyewe ni wa Jumatano.

"Haya, chagua," alisema Dewangan.

Wake alikuwa wa tatu kutoka mlangoni. Kifundo cha mguu kilikuwa bado kimevimba pale alipoumwa na nyoka jarubani, lakini sehemu nyingine zote zilikuwa zimepungua. Alimtazama mkewe kitambo.

"Mama... mama Phirantin," alisema hatimaye.

Kule kusitasita kulimchoma Budhiyarin kuliko mazishi yalivyomchoma. Akajifanya hakukusikia.

"Nilidhani umenuna."

"Ninune nini? Nimefika bwawani nyumba siioni. Mara nasikia harufu yetu inatokea huku. Nikasema basi, wamehama."

"Tuhamie ghala la serikali?"

"Nitajuaje? Si wewe uliyekuwa ukinisumbua unataka nyumba ya saruji?"

Budhiyarin alicheka bila kutaka, akamfungulia majani. Samaru alichukua bara moja, akala, akachukua ya pili. Kisha vidole vyake vikapita katikati ya wali kama vinavyopita kwenye moshi.

"Majani haya mbona matupu?"

"Wali huo."

"Uko wapi?"

Mfu aliyekula bara hajala. Hata mtu mzima wa afya, huku kwetu, akimaliza mikate kumi bila wali hujinyoosha na kuuliza chakula kitaiva saa ngapi. Budhiyarin aliyafunga majani, akaenda kumwomba Dewangan konzi moja ya Chiraipankhi, nusu apike leo, nusu akapande.

"Mkulima hapewi mbegu, mama. Hupewa mtafiti mwenzetu, na mtafiti huomba kwa barua."

"Mimi siombi. Nimekuja kuchukua changu."

"Basi hapo umenizidi cheo," alisema Dewangan. "Twende kwa Saheb."

Saheb, mkuu wa kituo, alikuwa Dakta Lahiri, Mbengali mdogo wa umbo mwenye miwani minene, aliyekaa kwetu miaka mingi hadi akazoea kula wali uliolala na maji, chumvi na kitunguu kila asubuhi. Alikuwa mtu mwema. Hili lazima lisemwe mapema, kwa kuwa wako watakaodhani hakuwa. Aliposikia neno Chiraipankhi uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeulizwa habari za mwanawe.

"Mpunga wako ni hazina, mama! Gangai haiugusi. Unaijua gangai?"

Nani asiyeijua? Ni kijidudu mfano wa mbu, hutaga kwenye mpunga, na buu lake likiingia shinani huligeuza bomba tupu kama jani la kitunguu. Miaka ile kilikuwa kimeanza kuumaliza bauna, majaruba kwa majaruba. Dakta Lahiri alimpeleka kwenye banda la vyandarua. Ndani yake wanawake walikuwa wameinamia vyungu, wakikata ncha za maua ya mpunga kwa mkasi mdogo, wakichomoa kwa kibano sehemu ya kiume iliyomo ndani, kisha wakilivisha suke mfuko wa karatasi ya nta lingoje ua la kiume kutoka chungu kingine.

"Wanaufanya nini mpunga?" aliuliza Budhiyarin.

"Tunamwoza. Bibi harusi ni Chiraipankhi wako, bwana harusi ni bauna. Tunataka kizazi kifupi kama baba na kisichoogopa gangai kama mama. Tulianza mwaka jana. Watoto wa kwanza wale pale shambani."

"Mmemwoza binti yangu hata habari hamkuniletea?"

Wanawake walicheka hadi mmoja akaangusha kibano. Dakta Lahiri naye alicheka. "Kweli, mama. Posa tuliisahau."

Budhiyarin alienda hadi ukingoni mwa shamba, akavunja suke moja, akalinusa. "Hawanuki hawa."

"Harufu imejificha. Itatokea kwa wajukuu."

"Mimi siwezi kungoja wajukuu, Saheb. Nipe konzi moja ya huyo bibi. Iwe ndiyo posa."

Dakta Lahiri alivua miwani. Mtungini, alisema, kuna nusu kilo tu. Mtungi nambari mia nne na kumi na mbili, rafu ya tatu, kushoto. Na hiyo ndiyo Chiraipankhi yote iliyobaki duniani. "Leo nikikupa wewe, kesho atakuja mwingine."

"Mwingine si ana mtungi wake?"

Dakta Lahiri alivaa miwani, akaagiza mabenchi. Yaliletwa siku ile ile, marefu, ya mbao nzuri, na wafu wakapata mahali pa kukaa.

Budhiyarin alirudi Kurrubhatha na majani yake yaliyofungwa. Alivuna bauna, nusu yake mabomba. Jioni alikaa mlangoni akichambua mchele, akawaza. Hakuwa mwanamke wa kulialia, ila kuna siku alimfokea mbuzi kwa kosa la mtu mwingine.

Alichokipata baada ya kuwaza kilikuwa rahisi hadi akajicheka. Mwezi mpevu wa Januari, mavuno yakiwa ghalani, ni siku ya Chherchhera. Siku hiyo kila mtu huchukua kapu akapita mlango kwa mlango akiomba mpunga, na mwenye ghala hana ruhusa ya kumnyima. Mwenye shamba kubwa huenda kuomba kwa kibarua wake, kibarua huenda kwa mwenye shamba, na atakayesema sina au sitoi, watu hawataingia kwake mwaka mzima, hata akifiwa. Kituo kina ghala. Mwenye ghala ni Saheb. Na Saheb anapenda mila zetu kuliko sisi wenyewe.

"Atakupa," alisema Mangtin. "Akikunyima tutamsimanga hadi arudi kwao Bengali. Na mama mkwe wangu usimsahau! Yeye ni wa mpunga mweusi."

Asubuhi ya Chherchhera alifika kituoni na kapu jipya. Alisimama mbele ya lango, akaweka mkono shavuni, akapaza sauti ya watoto wote na wazee wote wa siku ile: Chherchhera! Fungueni ghala, toeni mpunga! Barazani wafu waligeuza vichwa. Wachache wakaanza kupiga makofi kwa mdundo wa zamani.

Dakta Lahiri alitoka mwenyewe, bila viatu, kama inavyotakiwa. Nyuma yake Dewangan alikuwa amebeba debe.

"Nilijua utakuja, mama. Nimekuwekea." Akalishika debe kwa mikono yake, akamimina. Alimimina hadi kapu likajaa, akaongeza hadi likafanya kichuguu. "Wajukuu wa Chiraipankhi, hao. Tumevuna kuliko tunavyohitaji. Kapu zima, mama, si konzi!"

Budhiyarin alitazama. Punje zilikuwa nzima, safi, zenye rangi ya shaba. Chache zilikuwa na kibawa. Nyingi hazikuwa nacho.

Aliyeombwa Chherchhera hanyimi. Lakini anayeomba naye hachagui. Huo ndio upande wa pili wa mila, na Budhiyarin alikuwa ameusahau, kwa sababu tangu azaliwe alikuwa hajawahi, siku hiyo, kupewa asichokitaka. Kamba aliyokuja nayo kumfunga Saheb ilikuwa imemzunguka yeye. Akamwombea Dakta Lahiri ghala lisilokauka, kama desturi inavyodai, akalibeba kapu kichwani, akaenda barazani kumsalimu mumewe.

"Umepata?" aliuliza Samaru.

"Nimepata wajukuu." Akamwaga kiasi kwenye ungo ili amwonyeshe, basi tu.

Samaru aliinama. Pua yake ilicheza. "Hii hapa," alisema, akaiokota punje moja. "Na hii. Hii... hii siyo. Hii!"

"Unaziona?"

"Kwani wewe huzioni? Si hizi?"

Alichambua kwa haraka ya mtu mwenye njaa. Wafu wa pembeni walisogea, kila mmoja akachangia macho, maana ingawa Chiraipankhi haukuwa wa nyumba zao, harufu ni harufu. Dakta Lahiri alikuja akasimama nyuma yao. Alihesabu zilizookotwa, akahesabu zilizoachwa, midomo ikimchezacheza.

"Moja kati ya nne," alisema kwa sauti ya furaha. "Kama inavyopaswa! Mtoto hupokea kwa baba na kwa mama. Harufu ikitoka upande mmoja tu, hujificha. Mjukuu huwa nayo akiipata pande zote mbili, na huyo ni mmoja kati ya wanne. Dewangan, sisi tunatafuna punje moja moja hadi ulimi unakufa ganzi, na hawa wanaziona kwa macho!"

"Wanaziona kwa pua, Saheb," alisema Dewangan.

"Kwa vyovyote."

Kabla jua halijageuka, ungo baada ya ungo, kapu lote lilikuwa limepita mikononi mwao. Upande mmoja kulikuwa na kapu karibu robo tatu. Upande mwingine palikuwa na kilima kidogo kwenye pindo la sari ya Budhiyarin, na yeye alikitazama akahisi furaha inampanda hadi ikamtia woga. Angepanda mvua ya kwanza ikinyesha. Ungeiva Pitar ikikaribia. Wali ungenuka hadi bwawani.

"Mwaka huu utakula," alimwambia mumewe akifunga fundo.

"Na bara uweke," alisema Samaru. "Usiweke chumvi kama ya siku ile."

Langoni Dewangan alimpisha, kisha akamrudisha. Hakuonekana kufurahia.

"Kapu lipite, mama. Hicho cha pindoni?"

"Kimetoka humo humo kapuni. Umelibeba debe wewe mwenyewe."

"Kilikuwa kapuni. Sasa kiko pindoni."

"Ee! Na wewe asubuhi ulikuwa kitandani, sasa uko langoni. Umekuwa mtu mwingine?"

Dewangan alikuna shingo, akatuma aitwe Saheb. Dakta Lahiri alikuja, akaliona fundo, na furaha yote ya mchana ikamwondoka usoni. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

"Mama," alisema, "zikiwa zimechanganyika ni chakula, na chakula nimekupa kwa moyo mweupe. Zikishachaguliwa ni mbegu. Mbegu sina ruhusa kuitoa."

"Amechagua mume wangu."

"Barazani petu. Na mume wako kwa sasa ni wa hapa kituoni."

"Yuko kituoni kwa sababu mpunga wake uko kituoni!"

"Ndiyo," alisema Dakta Lahiri, kwa kuwa hakuwa mwongo.

Ng'ombe wa mfinyanzi walikuwa wakingoja barabarani wakicheua.

"Nitaandika Delhi leo hii," alisema Dakta Lahiri. "Ruhusa ikija, tutawarudishia."

Budhiyarin aliwahi kuyasikia maneno yale, na aliyeyaamini mara ya kwanza alikuwa nyuma yake, kwenye benchi, akimpungia mkono. Alifungua fundo. Dewangan alizipokea punje kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, kama mtu anayepokea tunda la hekaluni. Akazitia kwenye bahasha, bahasha ikaandikwa nambari, nambari ikaingia kwenye baridi. Hakuna punje iliyoanguka.

Juma lililofuata wafu walianza kazi. Kituo kilikuwa na magunia ya wajukuu wa kuchambua, si wa Chiraipankhi pekee, na kutafuna kulikuwa kumewachosha watu wazima wenye digrii. Kila mfu alipewa ungo na kikombe cha bati. Hawakuandikwa popote, kwa kuwa halikupatikana daraja la mshahara linalowafaa, nao hawakudai. Wengi walikuwa wakulima, na kukaa bure kulikuwa kumeanza kuwachosha. Dakta Lahiri aliamuru wajengewe kivuli cha mabati upande wa magharibi. Wageni walioletwa kutoka mjini walionyeshwa mitungi, banda la vyandarua, na baraza, kwa mpangilio huo.

Budhiyarin alipanda kile cha kapuni. Ulikuwa mpunga, na yeye alikuwa na shamba. Angefanya nini kingine? Ulikuja wa kila kimo, mwingine wa gotini, mwingine wa kifuani, jirani wakauita harusi ya vichaa. Gangai ilipopita ikaacha mabomba kwa Mangtin na kwa wengine, kwake iliacha mashina mengi mazima. Watu walikuja kuomba mbegu naye akawapa. Hapo Saheb hakuwa amekosea, na Budhiyarin hakuwa mtu wa kukataa ukweli kwa sababu tu unamuudhi. Baadhi ya masuke yaliwahi kuiva, Pitar ikikaribia. Alipoupika, alisimama juu ya chungu akavuta pumzi. Harufu ilikuwepo, ile iliyokuwa imejificha ndani ya punje zilizoachwa. Ilikuwa ndogo, ya hapa na pale, kama mtu anayeita kutoka mbali na upepo unamkatiza, lakini ilikuwepo.

Mumewe hakufika nyumbani, na hii ilikuwa Pitar ya tatu. Harufu ile haikuweza kuvuka hata ukuta wa Mangtin. Basi Budhiyarin alifunga wali kwenye majani, bara zisizo na chumvi nyingi juu yake, akachukua kopo la maji na kijiti cha mswaki, akapanda mkokoteni pamoja na Mangtin.

"Ruhusa bado," alisema Dewangan alipomwona, kabla hajaulizwa.

Siku zile lango la kituo lilikuwa na watu wengi, wanawake hasa, kila mmoja na majani yake, maana wilaya nzima ilikuwa imezoea kuwalisha wafu wake pale. Palikuwa na muuza chai. Barazani kulisikika punje zikidondoka kwenye bati, kama mvua ndogo.

Samaru alikuwa kwenye benchi lile lile, ungo magotini. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vilivyokuwa akiwa hai.

"Baba Phirantin."

"Sogea kidogo, mama, usinizibie mwanga," alisema bila kuinua kichwa.

Budhiyarin alisogea. Aliweka kopo chini, akaweka mswaki, akafungua majani miguuni pake. Ndipo pua ya Samaru ilipocheza. Aligeuka, akautazama wali, na akauona. Si wote, lakini aliona kitu, yeye ambaye Pitar iliyopita alikuwa ameona majani matupu. Budhiyarin alishika nguzo. Samaru aliyachukua majani kwa mikono miwili, akayaweka juu ya ungo, akakunja mikono ya shati.

Kisha akaanza kuchambua. Punje moja ya wali, nyingine hapo, mbili huku, akizitenga kwa uangalifu ili zisipondeke, akizitia kwenye kikombe cha bati. Zilizobaki aliziacha kwenye majani, kama makapi.

"Hizi nzuri," alisema. "Zimetoka wapi?"

"Nyumbani kwako."

"Nyumba gani?"

"Ya Chiraipankhi."

Alifikiri, na uso wake ukachangamka. "Mia nne na kumi na mbili," alisema. "Rafu ya tatu, kushoto."

Budhiyarin alitazama huku na huku. Mangtin alikuwa mbali, akigombana na mama mkwe wake. Akautoa ushungi usoni, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, mbele ya watu na mchana kweupe, akalitamka jina la mumewe.

"Samaru."

Kina Samaru wawili wa benchi la nyuma waliinua vichwa. Wake aliipangusa mafuta punje aliyokuwa ameishika, akaiweka kikombeni pamoja na nyingine.